Chombo Kilichotoka Jumbani Kikaenda Shambani: Mhadhara wa Umma Juu ya Usomaji wa Vinasaba



Katika mwaka 1989 mwanasayansi wa Marekani, David Deamer, alichora daftarini mwake utando mwembamba wenye tundu moja, na uzi wa vinasaba ukivutwa na umeme upite tunduni humo. Akakisia kwamba kila herufi ipitapo itauzuia mkondo wa umeme kwa kadiri yake, na kwamba atakayeupima mkondo huo ataweza kuzijua herufi pasipo kuziona. Mwaka 1996 yeye na wenzake, akina John Kasianowicz na Daniel Branton, walidhihirisha kwamba nyuzi za namna hiyo hupita kweli. Na tundu walilolitumia lilikuwa protini ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambayo kazi yake ya asili ni kutoboa chembe hai za kiumbe aliyeshambuliwa. Silaha ya maradhi iligeuzwa ikawa ala ya ilimu, na jambo hili hunistaajabisha kila nilifikiripo.

Kutoka katika wazo hilo, na katika utafiti wa Profesa Hagan Bayley wa Chuo Kikuu cha Oxford, ilizaliwa mwaka 2005 kampuni ya Oxford Nanopore Technologies, ambayo mwaka 2014 ilianza kuwapa watafiti chombo kiitwacho MinION, kisichofika uzito wa gramu 100, kinachochomekwa katika kompyuta ya mkononi. Ili tuipime adhama ya jambo hilo yatosha kukumbuka kwamba mradi wa kuusoma mpangilio wa vinasaba vya binadamu, uliotangazwa kukamilika mwaka 2003, ulichukua miaka 13 na gharama ikisiwayo kuwa dola bilioni 3, na mashine zake zilijaza kumbi.

Natamani tukitazame chombo hiki kwa karibu. Ndani yake hutiwa kibapa chenye njia 512 za kupimia umeme, na juu ya kila njia umetandazwa utando wenye tundu la protini. Tone la maji lenye vinasaba hudondoshwa kwa uangalifu, maana povu moja la hewa likipita juu ya utando huweza kuangamiza matundu mengi kwa mara moja. Kimeng'enya kilichofungwa katika ncha ya uzi huuzuia usikimbie, kikiupitisha hatua kwa hatua, mamia ya herufi kwa sekunde. Mfano wake ni mtu avutaye tasbihi gizani, ambaye vidole vyake humwambia punje ipi imepita. Ila vidole hivi hugusa punje tano au zaidi kwa pamoja, na punje za namna moja zikifuatana nyingi, hesabu humpotea. Ndiyo sababu usomaji wa awali ulijaa makosa, na wapo waliokidharau chombo kwa ajili hiyo. Naona walipima upande mmoja tu, kwa kuwa matundu yamebadilishwa, programu za kufasiri mkondo zimenolewa, na leo usahihi wa herufi umepita asilimia 99. Na tangu mwanzo nyuzi ndefu za maelfu ya herufi zilisomeka kwa mkupuo, hali mashine nyingi kubwa zilikuwa zikisoma vipande vya mamia machache.

Mwaka 2015, Ebola ilipokuwa ikiiangamiza Guinea, watafiti walisafiri na chombo hiki pamoja na maabara nzima katika mizigo isiyotimiza kilo 50, wakasoma virusi kutoka sampuli 142, na waliweza kupata jawabu kabla ya saa 24 kutimia tangu sampuli iwafikie. Hapo awali sampuli za Afrika zilisafirishwa ng'ambo, na jawabu aghalabu lilirejea wakati waliolihitaji wamekwisha zikwa.

Lakini lililo karibu zaidi na moyo wangu ni muhogo. Batobato, maradhi yanayoyakunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi hii ya Tanzania, na virusi vyake si vya aina moja: viwili tofauti vikikutana katika shina moja, mmea hudhoofika kupita kiasi, na jicho la mkulima haliwezi kuvitenganisha. Watafiti wa Tanzania, Kenya na Uganda, pamoja na wenzao wa nje, walichukua chombo hiki hadi mashambani, wakawapa wakulima majibu ndani ya saa 48, na baadaye huko Kenya wakaifanya kazi nzima chini ya mti, kwa umeme wa betri, katika saa chache. Mkulima ajuaye mapema hung'oa shina lililougua na kutafuta vipando safi kabla ya mvua. Kadhalika, maradhi ya korona yalipoingia pwani ya Kenya mwaka 2020, wanasayansi wa Kilifi walivisoma virusi papo hapo Kilifi.

Hata hivyo, haifai tujidanganye. Kuwa na chombo mkobani si kuimiliki ilimu yake. Vibapa na vitendanishi hutengenezwa ng'ambo, hutaka ubaridi wa friji, na huchakaa baada ya miezi michache. Shehena ikikawia forodhani katika joto, matundu hufa kabla hayajasoma herufi hata moja. Mfadhili hununua chombo kwa furaha kwa sababu hupigwa picha, lakini mradi ukiisha vitendanishi havinunuliwi, na kijana aliyefunzwa kwa taabu huondoka kutafuta riziki kwingine. Kwa hiyo nasema fungu la vitendanishi liingie katika makadirio ya chuo ya kila mwaka, wala lisingojee hisani.

Na liko jambo jingine ambalo wengi hawajalitanabahi. Chombo hiki hakiandiki herufi. Huandika mkondo wa umeme, na herufi hufasiriwa baadaye na programu. Programu ikiboreka, mkondo uliopimwa zamani huweza kufasiriwa upya kwa usahihi zaidi, bila kurudi shambani wala kutumia kibapa kipya. Mafaili hayo ghafi ni makubwa, na kwa sababu ya ukubwa wake hufutwa kwanza diski zinapojaa. Naomba chuo hiki kiyajengee hazina yake, kila faili likiandikwa shamba, tarehe na aina ya kipando, na waitunzao wawe wanazuoni wetu wenye ajira ya kudumu, ili muhogo uliosomwa mwaka huu usomwe tena na wanafunzi ambao bado hawajajiandikisha.