Alama ya Kuuliza Ndani ya Ruta

Mazungumzo na wanafunzi, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kipawa



Ndege ikipita nitanyamaza kidogo, kama walimu wetu walivyokuwa wakinyamaza, chaki mkononi. Sisi wa Kipawa tumezoea.

Kazi yangu ni ufundi wa mitandao. Kila siku nashughulika na ruta, yaani mtambo unaopokea habari kutoka mtandao mmoja na kuzielekeza kwenye mtandao mwingine. Ruta nyingi za maofisini, kama zile za Cisco, huamriwa kwa maandishi. Mbele yako pana mstari mtupu unaokungoja uandike. Vijana wanaokuja kwetu kujifunza kazi huuogopa mstari huo, basi hukariri amri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Mimi pia nilikariri. Jumapili moja jioni, nikiwa nyumbani hapa hapa Kipawa, niliingia katika ruta ya ofisi moja ya mkoani ili nizuie anwani fulani zisipite. Nikaandika orodha, nikaiweka kwenye mlango wa ruta, nikabonyeza Enter. Kimya! Nilisahau kwamba mwisho wa kila orodha ya namna hiyo pana katazo lisiloandikwa: asiyetajwa haruhusiwi. Nami sikujitaja. Ofisi ilikuwa imefungwa. Jumatatu watu walipanga foleni, wengine wazee waliotoka vijijini, mpaka saa nne karani alipofika na ufunguo, akachomoa waya wa umeme na kuuchomeka tena. Ruta ikaamka na maagizo yake ya zamani, kwa kuwa yale mapya sikuwa nimeyahifadhi.

Dawa ilikuwamo ndani ya mtambo wenyewe. Laiti ningaliandika "reload", nikaacha nafasi, nikaweka alama ya kuuliza, ruta ingalinionyesha maneno yanayoweza kufuata, miongoni mwao "in" na "cancel". Amri ya "reload in 10", ukiitoa kabla ya kugusa kitu, huiagiza ruta ijiwashe upya baada ya dakika 10. Ukijifungia nje, unangoja tu. Kazi ikienda vizuri, unaandika "reload cancel". Neno hilo "reload" nilikuwa nimeliandika miaka mitatu bila kuliuliza lina nini mbele yake. Niliona haya, nilidhani alama ya kuuliza ni ya wanagenzi.

Sasa angalieni ile nafasi, maana hapo wengi hukosea. Mkiandika "cl?" bila nafasi, mtapewa maneno yanayoanza na herufi hizo, kama "clear" na "clock". Mkiandika "clock ?" penye nafasi, mtapewa yanayofuata baada ya neno hilo. Hamna haja ya kubonyeza Enter. Jibu huja hapo hapo, na mlichokwisha kuandika hubaki. Mkiona <cr>, amri yaweza kuishia hapo. Kitufe cha Tab humalizia neno mliloanza. Mkikosea, ruta huweka alama ya ^ chini ya mahali ilipoanza kushindwa kuelewa. Itazameni kabla ya kuandika upya kwa hasira. Na neno mnalotafuta lisipoonekana, tazameni mwisho wa jina la ruta: penye > mko ukumbini kama wageni, penye # mmeingia ndani, na orodha za mahali hapo pawili hazilingani. Majibu yote ni ya Kiingereza kifupi, kwa hiyo kamusi iwe karibu.

Wanaopenda kazi hii, kituo cha TEHAMA cha VETA kiko hapa hapa Kipawa. Lakini msingoje. Katika maabara ya fizikia nimewaachia ruta moja kuukuu pamoja na waya wake wa konsoli. Haikuunganishwa na ofisi ya mtu yeyote, basi jifungieni nje mtakavyo.