Kichaka cha Mlimani Kinachokamata Maji

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Matombo)



Leo tuzungumze juu ya mmea ambao wengi wetu hapa Matombo hatujauona kwa karibu. Unaitwa erika. Huota juu kabisa ya Milima ya Uluguru, pande za Lukwangule, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huko ni baridi na ukungu.

Erika ni kichaka chenye shina gumu. Majani yake ni madogo, membamba kama sindano. Ni ya kijani mwaka mzima, masika na kiangazi. Maua yake ni madogo kama kengele, nayo huchanua mengi kwa pamoja.

Mtu anaweza kuuliza: "Kichaka hiki kina faida gani? Hakiliwi, wala hakitoi mbao." Tusiharakishe kukidharau.

Je, umewahi kutembea alfajiri penye ukungu mzito? Mvua hainyeshi, lakini nywele zinalowa. Kwa nini? Ukungu ni matone madogo sana ya maji. Yakigusa kitu hushikana, yakawa tone kubwa, nalo hudondoka. Sasa fikiria kichaka chenye maelfu ya majani kama sindano. Kinakamata ukungu usiku na mchana. Maji yanadondoka chini na kuingia udongoni polepole.

Ni kweli, maji yetu mengi huletwa na mvua, nayo misitu mikubwa huyatunza. Lakini erika ni mlinzi wa juu kabisa. Mito ya Uluguru, kama Mgeta na Mfizigo, huingia Mto Ruvu. Maji ya Ruvu hunywewa mpaka Dar es Salaam. Basi mlima ukikauka, si Matombo peke yake itakayolia.

Adui mkubwa wa erika ni moto. Majani yake huwaka upesi hata yakiwa mabichi. Tutazame Kilimanjaro. Kule erika hukua mpaka kuwa miti ya mita 10 na zaidi. Lakini hali ya hewa imezidi kuwa kavu, na moto umekuja mara kwa mara. Tangu mwaka 1976 zaidi ya nusu ya misitu ile ya erika imeteketea. Oktoba 2020 moto mwingine ulichoma mlima huo kwa siku nyingi. Erika ikiungua mara moja, mara nyingi huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Ikiungua tena na tena, msitu hugeuka vichaka, na vichaka hugeuka majani matupu. Hapo mtego wa ukungu umevunjika.

Wengine watasema: "Basi tuilete tuipande nyumbani, maua yake ni mazuri." Kweli, watu wa nchi nyingine huipanda bustanini. Afrika Kusini ina aina zaidi ya 600 za erika. Mwaka 1772 bustani ya Kew ya Uingereza ilimtuma Francis Masson huko, naye alipeleka kwao aina nyingi. Lakini erika ina masharti. Aina nyingi hazitaki chokaa wala majivu. Mizizi yake ni myembamba kama nyuzi, haitaki kukauka wala kuchimbuliwa. Ile ya mlimani imezoea baridi. Ukiileta kwenye joto la Matombo, itakufa. Tena, Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008. Kung'oa mimea humo bila kibali ni kosa. Ukitaka maua ya nyumbani, panda asumini au bogenvilia. Erika tuiache kwake.

Sasa tufanye nini? Kwanza, anayesafisha shamba asichome wakati wa upepo. Asafishe mkanda wa kuzuia moto, awaambie majirani na uongozi wa kijiji. Pili, mrina asali asiache kijinga kinawaka porini. Tatu, tukiona moshi mlimani, tutoe taarifa mara moja. Tusingoje mpaka kesho.

Wazee wanakumbuka kampeni ya mwaka 1980, "Misitu ni Mali". Mali hiyo si mbao tu. Hata kichaka kisichotoa ubao mmoja kina mali yake, nayo ni maji yaliyomo mtungini mwako.

Mjadiliane katika kikundi chenu:

1. Maji ya kijiji chenu yanatoka chemchemi gani?
2. Mwaka jana moto ulianzia wapi, na kwa nini?
3. Nani atapewa taarifa kwanza mkiona moshi mlimani?

Andikeni majibu yenu kwenye daftari la kikundi, kisha myasome kwenye mkutano wa kijiji.