Jino la Maziwa Lisitolewe Bure

Mama wapenzi, mara nyingi munatuambia: "Ni jino la maziwa tu, muling'oe, lingine litakuja." Lakini lile linachunga nafasi ya jino kubwa. Meno ya maziwa ya shavuni hukaa mpaka miaka 9, hata 12. Ukiling'oa mbele ya wakati, jirani yake linainama, linafunga njia, na jipya linatoka kando. Halafu kulinyoosha ni waya mudomoni, miezi na miezi, safari za Lubumbashi, kilometa 30, na makuta mengi!

Tena lile linalotoka nyuma kabisa kwa miaka 6 si la maziwa. Likitolewa, halirudi. Tundu dogo linazibwa. Mulete mutoto kabla hajaanza kulia usiku.