HESABU YA NYUMBA YA MASOMO
Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wazazi na wafanya kazi, Uvira



Tumeombwa tuseme machache juu ya masomo tunayotaka kuwajengea watoto wetu. Sisi ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni daftari na kalamu: tani ngapi zimetoka, miti mingapi imeingia chini kushika udongo. Daftari limetufundisha kwamba kitu kisichohesabiwa hupotea, na anayepata hasara ya kwanza ni maskini.

Tuanze na aibu yetu. Miaka iliyopita, katika mtaa mmoja, watu walichanga fedha wakajenga vyumba vitatu. Siku ya kununua mabati, mzee wetu mmoja alipima paa, akagawanya kwa ukubwa wa bati moja, akasema yatatosha. Sisi makarani tulikuwa tumekaa pale pale. Tulijua kwamba bati hulalia bati, wala hatukufungua kinywa, maana tuliona kumsahihisha mzee mbele ya watu ni kumvunjia heshima. Mabati yakaisha kabla ya chumba cha tatu, na fedha zilikuwa zimekwisha. Mvua kubwa zikaja, ukuta usio na paa ukanyonya maji, ukaanguka. Watoto wa chumba kile wakarudi chini ya mwembe. Mzee alikosea hesabu. Sisi tulikosea kwa kunyamaza, na kosa letu ni kubwa kuliko lake.

Kwa hiyo leo tuhesabu wote pamoja, kwa sauti, na anayeona kosa aseme.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo, na watoto wakaja wengi mno. Wamekuja, lakini vyumba havikuongezeka kwa siku moja. Chumba cha meta 60 za mraba chenye watoto 50 kinampa kila mtoto meta 1 na sehemu 20 za mia. Mkiwatia watoto 100, kila mmoja anabaki na sehemu 60 tu za mia, na mwalimu hawezi tena kupita katikati ya mabenchi. Basi tuchague watoto 50 kwa chumba, madarasa 6, watoto 300.

Chumba kiwe na umbo gani? Meta 60 hupatikana kwa njia nyingi. Meta 4 kwa 15 ni 60, na kuta zake zikizungushwa ni meta 38. Meta 6 kwa 10 ni 60 vilevile, na kuta ni meta 32. Chumba ni kile kile, ukuta umepungua. Chumba cha mraba kingepunguza kidogo zaidi, lakini kingetaka mbao ndefu za paa, nazo ni ghali na ngumu kupata. Tuchukue 6 kwa 10.

Vyumba sita vikisimama mbalimbali, kuta zote ni meta 192. Tukiviunga vitatu vitatu, kila viwili vikigawana ukuta mmoja, tunapata majengo mawili, na kuta ni meta 168. Mtu atasema: tuviunge vyote sita, tupate 162. Ni kweli, lakini ukuta wa meta 60 mfululizo hupasuka upesi ardhi ikitikisika, na ninyi mnakumbuka tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 katika ziwa letu. Meta 6 hizo tusizionee uchungu.

Sasa matofali. Meta 168 kwa kimo cha meta 3 ni meta 504 za mraba. Kila chumba kipate madirisha ya meta 12, ndiyo sehemu ya tano ya sakafu, na mlango wa meta 2. Vyumba sita ni 84. Tukitoa, zabaki 420. Wengi huishia hapo, wakazisahau pembetatu za miisho ya paa. Kila moja ina upana wa meta 6 na kimo cha meta 1 na nusu: ni meta 4 na nusu za mraba. Ziko nne, jumla 18. Ukuta wote ni 438.

Tofali la sentimeta 23 kwa 7, pamoja na udongo wa kuunganishia, hushika sentimeta 25 kwa 9. Meta moja ya mraba hula matofali 44 na kitu; ukuta mnene wa safu mbili hula 89. Zidisheni kwa 438: ni 38,982. Ongezeni sehemu ya kumi kwa yanayovunjika njiani, tuseme 43,000. Tazameni basi: kama mchomaji akiongeza franka 100 tu kwa kila tofali, mtaa umelipa franka 4,300,000 zaidi. Asiyejua hesabu huona franka 100 ni kitu kidogo.

Twende kwenye mabati, yaliyotuaibisha. Toka mgongo wa paa hadi ukingo wa upenu ni meta 4 kwa ulalo, na paa linashuka meta 2. Nne mara nne ni 16, mbili mara mbili ni 4, jumla 20. Namba inayojizidisha ikatoa 20 ni karibu 4 na nusu: huo ndio urefu wa mteremko. Kila jengo, pamoja na kingo zake, lina meta 31. Bati ni meta 2.40 kwa sehemu 90 za mia, lakini likilaliwa na mwenziwe hufunika sehemu 75 tu za upana. Meta 31 zataka safu 42, kila safu mabati 2, miteremko 2, majengo 2: jumla 336. Mzee wetu angegawanya eneo kwa eneo, akapata 259. Yangepungua 77, karibu mteremko mmoja mzima.

Lipo jambo la mwisho, na hili tusilipunguze hata fedha zikiwa haba. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu wengi na kuharibu nyumba kwa maelfu. Mwaka 2021 na tena 2024 ziwa lilipanda, likaingia nyumba za pwani. Kwa hiyo kiwanja kiwe mbali na mto na ziwa, na sakafu iinuliwe nusu meta. Meta 360 za mraba kwa nusu meta ni meta 180 za ujazo: lori la meta 6 liende safari 30. Kila mwenye kutafuta nafuu ataanza kuzikata safari hizo, maana udongo ulio chini ya sakafu hauonekani siku ya kufungua masomo.

Na mvua hiyo hiyo itusaidie. Mvua ya milimeta 20 juu ya paa letu lenye meta 496 huleta lita 9,920. Mifereji na tangi vitawapa watoto maji ya kunawa, katika mji huu unaoijua sana kipindupindu.

Ndugu zetu, tunaomba mambo mawili. Kila mtaa uchague watu wawili wa kuhesabu, mmoja awe mama, na wasihesabu chumbani peke yao. Tena karatasi ya hesabu, yenye idadi, bei ya siku ile na jumla, ibandikwe mlangoni pa kiwanja tangu tofali la kwanza hadi bati la mwisho. Mzee akikosea, kijana aseme kwa adabu. Karani akikosea, mchimbaji aseme.

Karatasi yetu ni hii. Isahihisheni.