Daraja Lenye Paa



Kabla hatujafikia shauri la ghala letu, twaomba mtusikilize habari za daraja la mbao huko Marekani, baina ya Cornish na Windsor, juu ya Mto Connecticut. Madaraja matatu ya kwanza yalichukuliwa na mafuriko. La nne walilijenga Bela Fletcher na James Tasker mwaka 1866, likaezekwa kama nyumba, nalo lasimama hata leo. Wapitao walilipa ushuru mpaka mwaka 1943.

Wageni hudhani paa lile lawakinga wasafiri. Sivyo, lazikinga boriti, kwani mti ulowao na kukauka daima huoza. Paa likichakaa huezekwa upya; boriti zikioza, daraja limekwisha. Nasi mabati ya ghala tumeyaahirisha mara mbili, na magunia ya kahawa yalowa.