Kitabu cha Siti Katika Mikono ya Watoto wa Rau

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitabu kimoja, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad, alichokitunga marehemu Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962. Tulikisoma kwa sauti pamoja na watoto wa hapa Rau, chini ya Mlima Kilimanjaro, jioni baada ya kazi ya kukata majani ya ng'ombe. Nao walijifunza jambo ambalo sisi wazee hatukulitazamia.

Siti alizaliwa Fumba katika kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, siku ambazo utumwa ulikuwa bado halali kisiwani; amri ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Tafakarini hali ya mtoto ambaye kila aitwapo kuja kula hukumbushwa kifungo cha wazazi wake! Shule hakupelekwa. Kwao walikuwa wafinyanzi, naye alijitwika vyungu akaenda kuviuza mjini, akiwaita wanunuzi kwa sauti yake.

Watoto wa Rau hawakuhitaji kuelezwa uzito wa mzigo ule. Njia ya kwenda soko la Moshi yawajua tangu zamani wasichana wenye mikungu ya ndizi kichwani, na kata ya majani makavu ya mgomba chini yake. Waliposikia habari za vyungu walishika shingo zao wakacheka.

Sisi tulikwisha kuweka tayari maneno yetu: vumilieni taabu, nanyi mtafika kama Siti. Lakini kabla hatujayasema, msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na wale wenzake waliobeba vyungu, mbona wao hawakufika?"

Tulinyamaza kitambo. Kisha tukarudi kitabuni, tukasoma polepole zaidi. Siti alihamia mjini mwaka 1911, naye ni mtu mzima wa miaka kama thelathini. Huko Muhsin Ali, mjuzi wa muziki, aliisikia sauti yake akakubali kumfundisha. Alijifunza kwa bidii kubwa, hata mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay, na nyimbo zake za Kiswahili zikatiwa katika sahani za santuri. Washindani walimkejeli kwa wimbo, kwamba ametoka shamba na kaniki zake, wala sura hana. Naye akawajibu kwa wimbo, akaweka akili na tabia mbele ya uzuri wa uso. (Mahali hapo mvulana mmoja mwenye kaptura ya viraka aliomba tupasome tena.)

Basi tukaona kosa letu. Vyungu havikumfundisha Siti kuimba. Sauti alikuwa nayo tangu Fumba, na bidii alikuwa nayo. Alichokikosa miaka yote ile ni mtu wa kumfundisha. Wenzake walibeba mzigo uleule, na pengine mmoja wao alikuwa na kipawa ambacho hakuna aliyekisikia. Ni rahisi kusifu taabu ukiwa umekwisha kuutua mzigo wako, na wazazi wengi twasema, "Nami nililelewa hivyo," huku tukimfunga binti kata kichwani saa ambayo wenzake waingia darasani.

Juma lililofuata msichana yule hakuja. Ilikuwa siku ya soko. Jioni tulikwenda kwao na kitabu mkononi, tukamkuta mama yake ukumbini akihesabu senti za ndizi. Tulimwamkia, tukaomba ruhusa kumsomea kurasa za Fumba tu. Akasikiliza hata mwisho bila kusema neno. Kisha akamwita binti yake kutoka jikoni, akamsogezea taa, akamwambia, "Hebu soma wewe, nisikie."