Upepo Mmoja, Mioyo Miwili

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya jambo limsumbualo kila asimuliaye hadithi, nalo ni hili: mambo mawili yakitukia saa ile ile mahali mbalimbali, atayasimuliaje? Kinywa ni kimoja, nacho husema neno moja baada ya jingine. Ndiyo sababu wazee wetu, wafikapo njia panda ya hadithi, husema, "Tuwaache hao njiani, turudi nyumbani kwa mama yao."

Mfano wangu ni hadithi ndefu iitwayo The Lord of the Rings. Mtungaji wake, J. R. R. Tolkien, alizaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akawa mwalimu katika chuo kikuu cha Oxford, Uingereza. Hadithi yake ilitolewa katika vitabu vitatu, mwaka 1954 na 1955.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Sauron, mtawala mwovu wa nchi ya Mordor, aliitafuta Pete ambayo zamani aliifanyiza na kuitia nguvu zake. Kama angaliipata, watu wote wangalikuwa watumwa wake. Pete hiyo haikuweza kuharibiwa ila katika moto wa mlima ule ilimofanyizwa. Mtu mmoja mfupi wa kimo, jina lake Frodo, akakubali kuipeleka huko, akafuatana na Sam, mtumishi wake mwaminifu. Wenzao waliachana nao njiani, wakaingia vitani. Tangu hapo hadithi hugawanyika kama mto.

Sasa tazameni asubuhi ya tarehe 15 Machi, kwa hesabu ya hadithi hiyo. Mbele ya mji wa Minas Tirith palikuwa na vita vikali, na giza alilolituma Sauron lilifunika mbingu. Hata upepo ukavuma kutoka baharini, ukalisukuma lile giza, ukazileta merikebu za Aragorn, na mji ukaokoka. Walakini Théoden, mfalme mzee aliyekuja na wapanda farasi kuusaidia mji, alikuwa amelala uwanjani akikata roho.

Saa hiyo hiyo Frodo na Sam walikuwa wamejificha katika milima ya Mordor, wenye kiu na hofu. Sam akainua macho, akaona giza linarudishwa nyuma na nuru kidogo inaingia. Akafurahi, akamtia bwana wake moyo. Hakujua kwamba mfalme anakufa. Na wale waliomlilia mfalme hawakujua kama Frodo yu hai. Upepo ulikuwa mmoja, huku ukikuta kilio, na huku ukileta tumaini.

Mnaona jinsi mtungaji alivyofanya? Hakutosheka kusema "wakati huo huo." Alitafuta alama iwezayo kuonekana pande zote mbili. Mahali pengine alama hiyo ni mwezi. Mwaka 1944, alipokuwa akiandika, aligundua kwamba mwezi wa Frodo haupatani na mwezi wa wenzake, akalazimika kurudi nyuma kusahihisha.

Jambo la pili ni kwamba hakumpa mtu ye yote maarifa asiyoweza kuwa nayo. Kitabu cha pili, kilichotolewa Novemba 1954, kilimwacha Frodo mikononi mwa adui. Kitabu cha tatu kilitoka Oktoba 1955, na nusu yake ya kwanza haisemi Frodo amepatwa na nini. Humo Aragorn na Gandalf waliongoza jeshi lisilofika watu 6,000 mpaka Lango Jeusi la Mordor. Hawakutumaini kushinda. Walitaka Sauron awatazame wao, asimwone Frodo. Msemaji wa Sauron akatoka, akawaonyesha deraya ya Frodo, na joho, na upanga mfupi wa Sam. Huzuni iliyoje! Hata hivyo walikataa kusalimu amri, wakapigana.

Ndipo mtungaji anapowaacha vitani na kurudi nyuma siku kadha wa kadha, tukaona kwamba Sam alikwisha kumwokoa bwana wake. Saa ile Gandalf alipozishika zile nguo kwa uchungu, wawili hao walikuwa wakiupanda mlima. Vitu walivyoonyeshwa vilikuwa vya kweli, bali habari waliyopewa ilikuwa ya uwongo. Kama wangaliiamini, wangaliweka silaha chini, na Frodo angalikosa kinga yake saa chache tu kabla ya mwisho wa kazi.

Nami nina sababu yangu ya kuipenda hadithi hii. Nilipokuwa mwanafunzi chuoni, siku moja tuliimba na kucheza hata usiku, maana tulikuwa tumefaulu mtihani. Siku ya tano yake nikapata barua kutoka nyumbani. Nilitazama tarehe: siku ile ile niliyocheza, baba yangu alizikwa. Kwa miaka mingi nilikionea haya kicheko changu. Lakini Sam naye alifurahi saa mfalme alipokuwa akifa, na msomaji hamlaumu, kwa kuwa furaha yake ilimpa nguvu za kuendelea na safari. Nafikiri baba yangu, aliyeuza mbuzi wake ili nisome, asingalinilaumu.

Basi, ninyi wanafunzi, mwandikapo hadithi ya watu waliotengana, tafuteni upepo au mwezi utakaowaunganisha, na kila mmoja mwacheni ajue yake tu. Nanyi wazazi wenye watoto mbali, kumbukeni watu wa Lango Jeusi: walishika zamu yao bila habari njema, na kumbe upande wa pili kazi yao ilikuwa ikizaa matunda.